Shoga, hili la wasichana wa Kiafghani ngoja nikujibu vizuri

Assalam aleykum shoga yangu,

Natumai u mzima na watoto wote wazima, na mama umfikishie shikamoo yangu. Voisi yako niliisikiliza juzi nipo kwenye daladala natoka shule, nikairudia tena usiku, nikaona nisikujibu kwa voisi maana ntaanza kulia katikati hutanielewa, bora niandike. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, hivi kweli mimi mwalimu wa Tanga natoa hela kulipia wasichana wa Afghanistan wasome Kiingereza wakati hapahapa Makorora kuna watoto wanaenda shule na ndala. La pili ukasema haya, kama ni kuchangia ntachangia, ila nitumie picha ya huyo mtoto nimjue.

Nianze na ya picha. Sina, na hata ningekuwa nayo nisingekutumia. Hata mimi sura zao sizijui. Darasa letu ni la mtandaoni, kamera wanazima, majina wanayoingilia darasani siyo yao, na kitu cha kwanza tulichoambiwa sisi walimu wa kujitolea ni kwamba hakuna kupiga skrinishoti wala kuposti popote, hata kama umeficha majina. Najua mtu akitoa hela yake anataka kumwona anayemsaidia na wala siyo vibaya, lakini picha moja ikizunguka ikafika kwa mtu wa mtaani kwao baba yake ndo ataitwa kuulizwa. Kwahiyo wanafunzi wangu tisa nawajua kwa sauti tu, na sauti yenyewe nayo ni mtihani, maana Agosti 2024 Taliban, ndo wanaotawala kule, walitoa sheria ya maadili inayosema mwanamke asisikike sauti nje ya nyumba yake. Sasa mwenzangu, unamfundishaje mtu kuongea Kiingereza wakati jirani hatakiwi kumsikia?

Yupo mmoja ana miaka 16. Niliwapa kazi ya kusoma kwa sauti kipande kifupi kuhusu mtu anayepanda basi, wajirekodi wanitumie WhatsApp. Wenzie wakatuma, yeye kimya siku mbili. Ya tatu akatuma, nasikiliza nasikia shhhhh nyuma yake muda wote, nikajua mvua. Nikamwambia rudia mahali penye utulivu. Akaniandikia kwamba mwalimu, huku hakuna mvua, hiyo ni presha kuka ya mama, nasubiri abandike maharage ndo nasoma, maana ikianza kupuliza upande wa pili wa ukuta hawanisikii. Yaani mama yake anapika kwa kufuata ratiba ya homework. Nikikwambia tangu siku ile nikisikia presha kuka popote nasimama utaniamini? Na akisoma, shoga, anasoma vizuri kuliko watoto wangu wa kidato cha nne.

Huyu 2021 wakati Taliban wanaingia Kabul alikuwa darasa la sita. Wakasema subirini. Tarehe 23 Machi 2022 ndo wasichana wa sekondari walikuwa wafunguliwe shule, akavaa yunifomu yao ile nyeusi na ushungi mweupe, akaenda, hata masaa hayajapita mengi wakaambiwa rudini nyumbani. Ndo mpaka leo. Mwezi wa 12 mwaka huohuo wakafunga na vyuo vikuu kwa wanawake, alafu Desemba 2024 wakafunga hata vyuo vya ukunga na unesi, nchi ambayo mwanamke kutibiwa na daktari wa kiume ni shughuli, sasa sijui miaka kumi ijayo nani atamzalisha mwenzie. UNICEF mwaka 2025 walisema wasichana waliozuiwa kusoma zaidi ya darasa la sita wamefika milioni 2.2.

Na usiniambie ni dini yao, maana najua ulitaka kusema ukanyamaza. Mimi na wewe tumekaa chuoni kwa maalim mmoja, tukaambiwa kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu, hatukuambiwa kila mwanaume. Vyuo vikuu vya kule vilipofungwa kwa wanawake, Sheikh Ahmed al-Tayeb wa Al-Azhar ya Misri alitoka hadharani akasema uamuzi huo unapingana na sharia. Hata ndani ya Taliban wenyewe, Abbas Stanikzai, wakati huo naibu waziri wao wa mambo ya nje, Januari 2025 alisimama mbele za watu akasema hakuna sababu ya kuwanyima wasichana elimu. Hakuna kilichobadilika lakini alisema.

Sasa kwanini Kiingereza, kwanini siyo hesabu, kwanini siyo cherehani. Kwasababu kwa sasa ndo mlango pekee unaofunguka kwa ndani. Msichana akijua Kiingereza anaweza kusoma chuo akiwa chumbani kwao. Kuna University of the People ya Marekani, inafundisha kwa mtandao bila ada ya masomo, imepokea wasichana wa Kiafghani kwa maelfu, lakini masomo ni Kiingereza. Kuna Asian University for Women pale Chittagong, Bangladesh, nako Kiingereza. Skolashipu karibu zote anazoweza kuomba wanataka cheti cha mtihani wa Kiingereza, na ule wa Duolingo unafanyika nyumbani kwenye kompyuta, haufiki dola 100, ila kwa familia ambayo mama alikuwa na kazi akazuiwa kwenda kazini hiyo hela haipatikani. Wewe na mimi hili tunalijua kwenye ngozi zetu. Umesahau kidato cha kwanza? Miaka saba tumesoma kwa Kiswahili tunajibu maswali kama maji, tunaingia sekondari mwalimu wa bailojia anaanza kuongea tunatazamana. Wangapi kwenye darasa letu walikuwa na akili wakaishia pale kwasababu ya lugha tu.

Alafu kuna hili la kwetu ambalo ndo jibu lenyewe la swali lako la kwanza, sikutaka kulisema kwenye simu. Unamkumbuka mdogo wangu, 2018, kidato cha tatu. Ulikuja nyumbani ukamkuta jikoni anakanda unga wa visheti, hakuinua uso. Alifukuzwa kwasababu ya mimba, na mwaka wa nyuma yake tu ilikuwa imeshatangazwa kitaifa kwamba akipata mimba harudi. Akakaa hivyo miaka, anauza visheti, anawasikiliza watoto wa mtaani wanavyokwenda kusoma kengele ikilia. Katazo hapa kwetu liliondolewa Novemba 2021 akarudi, leo anasoma ualimu. Novemba 2021, shoga. Mwezi wangu mimi wa kushukuru Mungu ndo mwezi ambao yule mwingine anamaliza darasa la sita hajui kwamba ndo basi. Nilipokuja kupiga hesabu ya hizo tarehe sikulala. Kwahiyo watoto wa Makorora sijawaacha, unajua Jumamosi nafundisha bure pale kwetu barazani na nitaendelea. Hawa nimewaongeza, sijawabadilisha na wengine.

Na usidhani wako mbali hivyo. Kigali tu hapo kuna shule nzima ya bweni ya wasichana wa Kiafghani, inaitwa SOLA, ilihama kutoka Kabul Agosti 2021, wanafunzi, walimu na familia zao. Mwanzilishi wake Shabana Basij-Rasikh alichoma moto kumbukumbu zote za wanafunzi ili wasije wakatafutwa. Huyo mama mwenyewe akiwa mtoto, utawala ule wa kwanza wa Taliban, alikuwa anavalishwa nguo za kiume amsindikize dada yake kwenda shule ya siri. Na miaka hiyohiyo Herat wanawake walikuwa wanaaga wanaenda darasa la kushona, chini ya vitambaa kwenye mkoba kuna daftari na kalamu, wanafundishwa na maprofesa wa chuo kikuu. Hawa watoto wanazijua hizi habari kutoka kwa mama zao. Mmoja aliniambia mama yake ndo alimwonyesha sehemu ya kuficha vitabu, kwasababu na yeye alificha vyake hapohapo.

Darasa letu ni saa 11 jioni, kwao inakuwa saa 12 na nusu, wametutangulia saa moja na nusu. Umeme wao mwingi wanaununua nchi za jirani na baridi ikikaza unakatika, ukikatika nabaki na wanne watano wenye chaji. Somo wanalolipenda kuliko yote lilianza kwa bahati mbaya, nilisema neno kitabu nikiongea na mwanangu nikasahau kuzima maiki, wakaruka wote, mwalimu umesema ketab! Ikawa vurugu. Kalamu kwao qalam, dunia ni donya, wakati ni waqt, chai chai, pilau palaw na yao inawekwa karoti na zabibu. Maktab kwao ndo shule. Sasa kuna mmoja anaweka orodha, wiki iliyopita tulifika 43, na la 43 alilileta mwenyewe, kaniuliza mnaitaje dirisha, nikamwambia dirisha, akaandika daricha.

Tarehe 29 Septemba 2025 mtandao ulikatwa nchi yao nzima, siku mbili. Naandika meseji tiki moja, tiki moja. Nilikuwa naingia darasani kufundisha wa kwetu sijui ninachosema. Ulivyorudi wakaingia mmoja mmoja usiku. Alafu unakumbuka tarehe 29 Oktoba sisi wenyewe tulivyokatika. Nilipokuja kuwasha data siku ile mtandao umerudi simu iliganda kwa meseji, zote za kwao, mwalimu uko hai, mwalimu umekula, tumekusomea dua. Yule wa presha kuka alikuwa ametuma homework zote za siku ambazo sikuwepo, ameziandika tarehe juu.

Basi kuhusu hela yenyewe. Siyo kampuni, siyo mradi wa gari jeupe. Kuna mama wa Kiafghani anaishi Hamburg, alikuwa mwalimu, ndo anayekusanya, anatuma kwa hawala, yaani kwa mawakala wa fedha bila kupitia benki, mpaka Sarai Shahzada pale Kabul, soko lao la fedha, kuna mtu wake anachukua na kuwawekea wasichana vocha za bando. Mimi natoa 20,000 kwa mwezi, inaunga bando la mmoja na kinachobaki kinaingia kwenye mfuko wa mtihani. Wawili wako tayari kufanya mtihani huu mwaka, mmoja wa kwangu. Picha hutapata na jina halisi hutapata. Ntakachokupa, kwa ruhusa yao, ni kukaa pembeni yangu siku moja darasa likiendelea, ukija Tanga kwenye harusi ya binamu yako, usikilize tu.

Kama uko tayari nirushie kwenye ile namba yangu ya siku zote kabla ya Jumatano, Alhamisi yule mama anatuma, Ijumaa kwao kumefungwa. Kama mwezi huu mambo hayajakaa sawa niambie tu, tutakuwa pamoja hivyohivyo. Na ukiwa na kompyuta mpakato ya zamani ambayo betri bado inashika hata masaa mawili usiiuze, uniambie kwanza.

Wasalimie watoto, na ujifunike, nasikia Mwanza mvua hazikatiki.

Shoga yako wa siku zote,
Tanga