Shangazi, nitoe laki nne nijifunze kuongea?

Shangazi, hujambo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, mwalimu wa Kiswahili na Historia, na naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya bweni ya wavulana huku kaunti ya Kakamega. Jina la shule nitalimeza. Nimesoma majibu yako kwa miaka mingi, mara nyingi nikiwacheka wanaokuandikia, na leo zamu imenifikia.

Nimepata nafasi ya kusomea uzamili wa mawasiliano na uongozi, kozi iliyopangiwa watu walio kazini. Ni miaka 2. Madarasa ni ya jioni kupitia intaneti, Jumanne na Alhamisi, halafu Jumamosi moja kila mwezi tunakutana Nairobi ana kwa ana. Karo yote, ukiweka usajili na gharama za tasnifu, ni shilingi 396,000. Mke wangu hataki hata kusikia. Lakini usianze kumlaumu yeye wala mimi kabla sijakueleza wazo hili lilikotoka.

Muhula wa pili mwaka jana mwalimu mkuu alienda mkutanoni, nikabaki na shule mkononi. Jumatano saa saba mchana, kiranja wa chakula, kijana wa kidato cha tatu, alisimama mlangoni mwa ofisi yangu na sahani ya githeri. Hakusema neno. Aliinamisha sahani kidogo mchuzi ukusanyike upande mmoja, na hapo nikawaona fukusi wakielea, weusi, kama saba hivi. Mezani nilikuwa na rundo la daftari, na mtu anayetuletea sukuma wiki alikuwa ananipigia simu juu ya deni lake. Nikamwambia yule kijana, "Toa kando ule. Hata kwenu hao wapo." Akageuka, akaenda na sahani yake bila kumwaga hata tone.

Jioni nikasikia minong'ono. Mtu mwenye akili angeanzia jikoni. Mimi nikaita gwaride. Nilipanda kile kijukwaa cha saruji na kutamka maneno ambayo nimeyarudia kichwani tangu siku hiyo kuliko sala: "Asiyetaka chakula cha shule hii, lango ni lile, halina kufuli." Wavulana karibu 900. Hakuna aliyezomea, hakuna aliyekohoa. Nami, mjinga, nikadhani kimya kile ni adabu.

Saa tatu na dakika ishirini usiku mawe yakaanza. Vioo 63. Hakuna aliyeumia na hakuna bweni lililoshika moto, na kwa hilo namshukuru Mungu, maana hakuna naibu wa shule ya bweni nchini asiyelala na shule ya Kyanguli kichwani, wale wavulana 67 walioteketea bwenini mwaka wa 2001. Nilisimama gizani nyuma ya tangi la maji nikiwasikia wakiimba maneno yangu mwenyewe, "Lango ni lile! Lango ni lile!" Wameyatungia hata sauti ya pili.

Baada ya wiki mbili za kukaa nyumbani, kila mmoja alirudi na mzazi na shilingi 1,450 za vioo. Nilikuwa kwenye meza ya kupokea. Mama mmoja, ndala miguuni na mtoto mwingine mgongoni, alituma pesa kwa M-Pesa, akasubiri ujumbe uingie, akanionyesha simu. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwalimu, na yale maragwe mlibadilisha?"

Nilimjibu kwamba suala hilo linashughulikiwa na bodi. Uongo mtupu. Gunia lile lile ndilo lililokuwa likichemka jikoni asubuhi hiyo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma usiku. Nilianza na mambo ya mawasiliano wakati wa msukosuko, nikafika kwa Robert Greenleaf, Mmarekani aliyefanya kazi karibu miaka 40 katika kampuni ya simu ya AT&T, kisha mwaka wa 1970 akaandika insha akisema kiongozi wa kweli huanza kwa kuwa mtumishi, na kwamba jambo likizuka yeye husikiliza kwanza. Nilipofika hapo nilifunga simu. Miaka 17 kazini, na jawabu langu la kwanza kwa kila jambo limekuwa ni kupaza sauti. Kozi hii ina masomo hayo hasa: kusikiliza, kusuluhisha mivutano, maadili ya kiongozi, jinsi habari inavyosafiri na kupotoka ndani ya taasisi. Shangazi, niliposoma mtaala wake nilihisi kama mgonjwa aliyetembea na maumivu miaka mingi, hatimaye daktari akayapa jina.

Kuna wanaoniambia niende KEMI, taasisi inayowanoa wakuu wa shule kwa usimamizi. Nilishapitia kozi yao fupi na ilinifaa. Nilijifunza ununuzi, hesabu za shule na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. (Huo ununuzi ningeuzingatia, maragwe yale yasingeingia stoo.) Wengine wanasema vyuo vikuu vya Maseno na Masinde Muliro viko hapa mlangoni na vina uzamili wa elimu, sasa Nairobi nafuata nini? Labda wana haki. Lakini mimi sitaki kusomea ratiba na mitaala tena. Nataka kujua kilichonipata mbele ya sahani ile.

Sasa pesa. Unajua kanuni: makato hayaruhusiwi kumwacha mwalimu na chini ya thuluthi moja ya mshahara wa msingi. Ukishatoa kodi, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, ada ya nyumba asilimia 1.5 na mkopo wa mabati, mimi nimebakisha upenyo mdogo tu. Sacco iko tayari kunipa 300,000 kwa miezi 48 nikipata wadhamini wanne. Nimepata watatu. Wa nne angekuwa mke wangu. Na usifikiri mkopo utajilipa kwa cheo, maana siku hizi TSC, tume inayotuajiri walimu, haikupandishi daraja kwa kuwa tu umeleta cheti cha uzamili. Ni nafasi kutangazwa na mahojiano. Rafiki yangu kule Vihiga ana uzamili tangu 2016 na bado anagawa chaki.

Mke wangu ni mwalimu wa cheti cha P1, anafundisha shule ya msingi, kilomita tatu kutoka nyumbani. Nilipokuwa na diploma nikataka digrii, ndiye aliyenisomesha. Kila likizo, Aprili, Agosti na Desemba, mimi nikienda chuoni yeye alibaki na watoto, ng'ombe na deni. Nilimwahidi siku ya mahafali, kanisani, watu wakisikia, kwamba nikimaliza ni zamu yake. Hiyo ilikuwa mwaka wa 2016. Kisha paa likavuja, kisha mamangu akaugua, kisha mtoto wa kwanza akaingia sekondari. Ahadi ikawekwa kabatini. Sasa tangu gredi ya 7 ianze mwaka wa 2023, ameona walimu wenzake wa msingi wenye digrii wakihamishiwa sekondari msingi, na amenyamaza tu. Mwezi wa pili nilikuta fomu za chuo ndani ya Biblia yake. Zimejazwa kila mahali isipokuwa sehemu ya mlipaji karo.

Nilipomweleza juu ya kozi yangu alinisikiliza hadi mwisho, akaepua chungu, akasema, "Mwalimu, laki nne za kujifunza kuongea? Nenda gwarideni uwaombe wale watoto msamaha. Ni bure." Nikapandwa na hasira, nikamwambia kama hataki maendeleo ya nyumba hii aseme. Akacheka, cheko lile la puani. "Enhe, malizia. Lango ni lile?"

Sikula usiku huo.

Kuomba msamaha si kwamba sijawaza. Nilimgusia mwalimu mkuu, akaniambia naibu akipiga magoti mbele ya wanafunzi hakuna atakayeitawala shule tena. Huenda ni kweli, huenda ni woga, na pengine ni mimi ninayejificha nyuma yake. Yule kijana alivuliwa ukiranja na sasa yuko kidato cha nne. Hunisalimia kila asubuhi, "Shikamoo mwalimu," kwa heshima kubwa, na ndiyo inayoniuma. Angenikunjia uso ningejua la kufanya. Novemba atakuwa ameanza mtihani, Desemba hayupo tena.

Halafu kuna saa zenyewe. Darasa linaanza saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa mbili na nusu usiku. Prepu, yaani masomo ya usiku ya wanafunzi, kwetu ni saa moja. Tangu mawe yale, ni lazima nionekane madirishani wakati wa prepu, na nakiri kwamba mara nyingine nakwenda kwa sababu naogopa, si kwa sababu ya kazi. Mwenzangu mmoja ameahidi kunishikia Alhamisi. Jumanne sina mtu. Ongezea stima za kwetu, ambazo hukatika wingu likitokea tu upande wa msitu, na sijui nitawasilishaje kazi za vikundi na watu wa benki na mashirika wanaokaa penye waya imara.

Ninachokuomba, Shangazi, ni hiki. Je, nichukue nafasi hii sasa, nikijua nisipoichukua nitaendelea kuwa yule yule aliye kwenye kijukwaa cha saruji? Au niweke sahihi kwenye fomu iliyo ndani ya Biblia, mkopo uende kwa mama wa nyumba, nami nisome vitabu vyangu usiku kwa simu? Tumefikiria pia kugawa, yeye aanze Agosti na mimi mwaka ujao, ila chuo changu hakijasema kama nafasi yaweza kusubiri, na mimi nimeshindwa kuandika barua ya kuuliza kwa sababu naogopa watasema ndiyo. Na la kijana yule, je, mtu anaweza kuomba msamaha peke yake, faraghani, kabla ya Novemba, bila kumvunjia mkubwa wake neno?

Barua ya kukubali nafasi inatakiwa irudishwe kabla ya tarehe 30. Kwa sasa iko juu ya friji. Mke wangu ameiwekea kiberiti juu, anasema ni ili upepo usiibebe.

Wako,
Naibu, Kakamega