Kwa Swahiba Aliyeniuliza Kuhusu Haki ya Kufa

Arua, Uganda

Swahiba wangu Rajabu,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Unataka mgonjwa asiye na tumaini la kupona aruhusiwe kumwomba daktari amkatishe uhai, kama ilivyo Uholanzi na Ubelgiji tangu 2002, na unalalamika kwamba Katiba yetu ya 1995, katika ibara ya 22, inakataza mtu kuondolewa uhai kwa makusudi ilhali ibara hiyohiyo inaiachia mahakama hukumu ya kifo. Kuhusu ukinzani huo sina la kukujibu.

Lakini shangazi yangu ulimfahamu. Saratani ya mlango wa kizazi ilipofika mifupani, alikuwa akiuma ncha ya leso ili wajukuu wasimsikie akilia, na usiku mmoja alinishika mkono akasema, "Mwanangu, nitafutie dawa ya kulala nisiamke." Tulikuwa tukimpa panadoli, basi. Sheria unayoitaka ingekuwepo usiku ule, daktari ningemwita mimi mwenyewe.

Juma lililofuata alikuja muuguzi wa tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na chupa ya mofini, dawa kali ya maumivu, ya maji, yenye rangi ya kijani, akatufundisha kumpa kila baada ya saa nne na kipimo maradufu wakati wa kulala. Kabla ya 2004 muuguzi hakuwa na idhini ya kuandika dawa hiyo. Na ni kazi aliyoianzisha Dkt. Anne Merriman mjini Kampala mwaka 1993, ya kuchanganya unga wa mofini na maji, iliyoifanya iwe rahisi kiasi cha kutolewa bure. Siku ya tatu shangazi aliomba uji wa mtama, kisha akataka kujua ni nani aliyewafunga mbuzi wake kwenye jua. Habari ya kufa hakuirudia.

Kwa hiyo ombi lake la usiku ule sikubali kuliita uamuzi wake. Yalikuwa maumivu yakisema. Tena Mholanzi ana bima ya afya, na sisi tunauza ng'ombe. Mzee anayeona zizi likipungua kwa ajili yake ataomba kufa kwa kuona haya tu, nasi tutasema ametumia haki yake.

Wapo, najua, ambao mofini haiwatoshi. Imamu wetu husema uhai ni amana, nami naamini hivyo, ila sijui ningemwambia nini mgonjwa wa namna hiyo uso kwa uso.

Jambo moja linanisumbua, nawe umesomea sheria. Mwishoni kipimo cha shangazi kilipandishwa mara mbili, akawa analala mchana kutwa, na kaka yangu hadi leo anaamini kwamba tulimharakisha. Mimi ndiye niliyekuwa nikivuta dawa kwa bomba la sindano, na nilitaka apate usingizi, sikutaka afe. Niandikie, mahakama huipima vipi nia kama hiyo?

Wasalaam,
Swahiba wako, Idi