Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kwa Nini Hatukuomba Kiwanda

Ndugu Wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji naleta mbele yenu taarifa ya mwaka tunaoufunga leo. Hesabu zimekwisha kukaguliwa na Mweka Hazina atazisoma baada yangu. Mimi nitajikita katika jambo lililokula vikao vyetu vingi kuliko mengine yote, yaani waraka wetu kwa serikali kuhusu ajira katika miji midogo ya vijijini iliyosahauliwa.

Mtakumbuka kwamba mkutano mkuu uliopita ulituagiza tuombe kiwanda kikubwa. Rasimu ya kwanza iliandikwa hivyo, na mimi mwenyewe niliitia saini. Tuliiondoa kabla ya kuiwasilisha, na kwa kuwa baadhi yenu mmelalamika, tena kwa haki, kwamba Kamati ilikiuka agizo, sina budi kueleza sababu.

Sababu ya kwanza ni Invergordon, mji mdogo wa kaskazini mwa Uskoti. Serikali ya Uingereza ilisaidia kujengwa huko kiwanda cha kuyeyusha alumini, kikafunguliwa mwaka 1971, na kwa muda kilionekana kuwa jibu la uhamaji wa vijana. Kuyeyusha alumini hula umeme mwingi mno, na hesabu yote ya mradi ilisimama juu ya tumaini kwamba umeme wa nyuklia ungekuwa wa bei rahisi. Haukuwa rahisi. Mwishoni mwa mwaka 1981 kiwanda kilifungwa, na mamia ya wafanyakazi wakapoteza ajira kwa siku moja katika mji usio na mwajiri mwingine wa kiwango hicho. Uamuzi wa kukifunga ulitoka mbali, kama ulivyotoka mbali uamuzi wa kukifungua. Kusini mwa Italia nako, ambako mfuko wa serikali ulioanzishwa mwaka 1950 uligharamia maendeleo kwa zaidi ya miaka 30, vilijengwa viwanda vikubwa vya chuma na kemikali ambavyo mafundi na wauzaji wadogo wa maeneo hayo hawakuwa na cha kuviuzia. Waitaliano wenyewe waliviita makanisa makuu ya jangwani.

Sababu ya pili inatupa moyo zaidi. Oyama ni eneo la milimani katika mkoa wa Oita, Japani, lenye mashamba madogo yasiyofaa kwa mpunga. Mwaka 1961, wakati sera ya taifa ilikuwa kuongeza mchele, watu wa Oyama waliamua kupanda plamu na chesnati, mazao yanayostahimili mteremko na yanayoweza kusindikwa papo hapo. Mwaka 1979 gavana wa mkoa, Morihiko Hiramatsu, aliuchukua mfano huo na kuhimiza kila mji na kijiji kitafute bidhaa yake. Jambo lililotushangaza wengi kwenye Kamati ni kwamba mkoa haukugawa ruzuku kwa wazalishaji. Ulitoa utafiti, mafunzo na msaada wa kutafuta soko. Nakiri kwamba mpango kama huo hauwezi kuajiri watu elfu moja kwa mwaka mmoja, na mwanachama aliyesema kikaoni kwamba plamu hazijengi hospitali hakukosea. Lakini kazi iliyoota mizizi mahali hapo haiwezi kuhamishwa kwa barua kutoka makao makuu.

Tuliangalia pia Tume ya Kanda ya Appalachia, yaani eneo la milima la mashariki mwa Marekani, iliyoundwa mwaka 1965, ambamo magavana wa majimbo na mwakilishi wa serikali kuu huamua pamoja, na ambayo sehemu kubwa ya fedha zake za awali ilikwenda kwenye barabara kuu. Barabara yenyewe haiajiri watu kwa muda mrefu, ila bila hiyo hakuna mwajiri anayekaa. Kwa upande wa sheria, India ilipitisha mwaka 2005 sheria iliyoipa kila kaya ya kijijini haki ya kudai siku 100 za kazi za vibarua kwa mwaka. Ni kinga nzuri katika miezi ya njaa, ingawa haimpi fundi cherehani wa mjini mteja hata mmoja.

Waraka tuliouwasilisha, basi, unaomba mambo ya aina nyingine. Tumeomba zabuni za umma zigawanywe katika mafungu madogo, ili madawati ya shule na matengenezo ya zahanati yafanywe na mafundi wa mji husika badala ya kampuni moja kubwa kutoka mbali. Tumeomba serikali idhamini sehemu ya mikopo ya biashara ndogo, kwa kuwa benki nyingi hukataa nyumba ya mji mdogo kama rehani kwa hofu kwamba haitapata mnunuzi. Tumeomba fedha zitengwe kwa miaka kumi, maana mradi wa miaka miwili humalizika wakati watu ndiyo kwanza wanajifunza kazi. Na pale ambapo serikali itaamua kumpa mwekezaji msamaha wa kodi, mkataba umlazimishe kuurejesha iwapo ajira alizoahidi hazitapatikana.

Kuhusu nani aamue, tumefuata utaratibu wa Umoja wa Ulaya ulioanza mwaka 1991, ambao sehemu ya fedha za maendeleo vijijini husimamiwa na kamati za wenyeji. Kanuni zake za kipindi cha 2014 hadi 2020 zilizuia mamlaka za umma na kundi lolote moja kushika zaidi ya asilimia 49 ya kura. Kifungu hiki cha waraka wetu ndicho kilichopata upinzani mkali tulipokutana na maofisa, nasi hatukukiondoa.

Jibu la maandishi bado halijafika. Kwa kuwa Kamati iliacha agizo lenu, naomba mkutano huu uupigie kura waraka huo leo, kifungu kwa kifungu. Mkiukataa, tutaandika barua ya kuuondoa na kurudi na mlichoagiza.

Mwenyekiti