Mama, ule wali wa maziwa ulioniuliza

Mama shikamoo,

Natumai wote wazima na mguu wa babu unaendelea vizuri. Mimi sijambo, ila hii baridi ya Januari ya huku Kolkata, India, wenyeji wanaifurahia kweli, mimi mtu wa Tanga sweta halinitoki mpaka saa nne asubuhi. Juzi uliniuliza nakula nini kwenye bakuli na simu ikawa inakatakata, basi nakuandikia kabisa ili na dada asome.

Kinaitwa payesh. Ni wali wa maziwa, ila usifikirie ule wa mgonjwa. Huku siku ya kuzaliwa mama mtu anakupikia payesh hata kama una ndevu, keki baadaye kama ipo. Na mtoto akifikisha miezi sita hivi wanamfanyia shughuli ya kuonja wali, kijiko cha kwanza mara nyingi ni hicho hicho, na anayemlisha ni mjomba wake. Mama mwenye nyumba, tunamwita Kakima, nilivyomwambia dada kajifungua akanikazia macho, "sasa wewe mjomba unakaa huku kufanya nini?" Sikuwa na jibu.

Sasa mapishi. Mchele wao unaitwa gobindobhog, punje fupi ndogondogo zinanukia, unatoka sana Bardhaman, eneo la jimbo hili hili, na wanaringa nao, mpaka 2017 ukasajiliwa rasmi kuwa ni wa kwao. Wewe chukua chenga za mchele wa Kyela, harufu ipo na zinalainika haraka. Konzi moja tu kwa lita moja ya maziwa, najua utaona kidogo utataka kuongeza, usiongeze mama, utapata bokoboko. Osha, chuja, acha ukauke kidogo halafu uusugue na samli kijiko kimoja mkononi mpaka kila punje ing'ae, ndio haushikani.

Maziwa mazima yasiyo na maji, sufuria nzito, moto mdogo. Tia iliki na tejpata, hilo ni jani la mti wa ukoo wa mdalasini, ukikosa weka kijiti cha mdalasini chembamba. Kakima haondoki jikoni hapo, anakoroga huku anaongea na simu, ule utando unaoganda pembeni ya sufuria anaukwangua na kuurudisha ndani, anasema utamu uko hapo. Yakipungua kama robo hivi ndio unatia mchele.

Na sukari isiingie mpaka mchele uive, bonyeza punje kwa vidole isagike yote. Ukiwahisha sukari mchele unagoma, utachemsha mpaka magharibi na kiini bado kigumu. Korosho na zabibu kavu mwishoni, ukizipitisha kwenye samli kwanza ni bora.

Lakini payesh ya msimu huu haitiwi sukari nyeupe, inatiwa nolen gur, yaani sukari guru ya mtende. Wana wagema kama wa kwetu, ila wanagema mtende pori. Jioni wanakwangua shina wanatundika chungu, alfajiri wanateremsha na kuchemsha asubuhi hiyo hiyo maana jua likipanda inachacha inakuwa tembo, si unajua mambo ya mnazi. Kunogea kwake ni baridi hii hii inayonitesa. Sokoni zipo za kuchakachua na sukari, Kakima anavunja kipande, kikiwa kigumu kama jiwe anakirudisha, anataka laini inayonukia moshi kidogo.

Nyumbani tumia sukari guru ya miwa, harufu haitakuwa ile ila inafaa sana. Iyeyushe pembeni na maziwa kidogo, chuja takataka, na UZIME JIKO kwanza, payesh ipoe kidogo ndio umimine huku unakoroga, la sivyo maziwa yanakatika na kazi yote imeenda. Usiikaze sana jikoni, ikipoa inakaza yenyewe. Mimi naipenda ya kulala, asubuhi na chapati, Kakima anacheka.

Kuna jamaa anarudi Dar mwezi wa tatu, nimemwomba abebe vipande viwili vya gur anasema begi limejaa, bado tunabishana. Akikubali binamu akapokee Ubungo. Ukipika mpelekee babu bakuli halafu uniambie kasemaje, maana yule kusifia chakula ni kazi.

Mbusu mjomba wangu mdogo.

Mwanao,
Hamisi