Njoo wakati wa jembe

Kisesa, Mwanza
Mwezi wa Nane

Mwanakwetu mpendwa,

Mwangaluka. Sisi huku tu wazima, mavuno yameisha na vumbi la kiangazi ndilo linalotutawala. Barua yako imefika. Kumbe umeshamaliza mwaka wa pili pale Chuo Kikuu, Mlimani, na utafiti wako wa mwisho umeamua uwe juu ya bugobogobo, ngoma yetu Wasukuma ya majembe! Nimefurahi mno. Mjomba anayeuliza kama ngoma nayo husomewa, mwache. Siku akikuona umeandika mwendo wa mguu mmoja kwa kurasa tano na bado haujaisha, atanyamaza mwenyewe.

Ila mpango wako wa kuja mwezi ujao, upige video kwenye makumbusho ya Bujora na mashindanoni, kisha urudi ukaandike, huo ndio ulionifanya nichukue kalamu leo hii. Ukija sasa utaikuta bugobogobo imevaa nguo za sikukuu. Kazini hutaikuta.

Tazama kalenda. Huku jembe hupamba moto mvua zikishashika, Novemba na Desemba, mpaka Januari. Ngoma za mashindano huja baada ya mavuno, kuanzia Juni, watu wakiwa na nafasi na chakula. Na likizo ndefu ya chuo huanguka lini? Kiangazi hicho hicho. Maana yake mwanafunzi anayefuata ratiba ya chuo anaweza kusoma ngoma hii tangu cheti mpaka uzamivu bila kumwona mtu akilima nayo hata tuta moja. Hilo linanisumbua sana, kwa sababu hii ni ngoma ya kulima. Jembe halikuongezwa ili mchezo upendeze.

Nikueleze ninachokiona mimi mvua zikinyesha. Kikundi kimeitwa shambani kwa mtu, wamejipanga mstari, ngoma iko karibu nao, manju, yule kiongozi wa nyimbo, anatoa wimbo, wao wanaitikia na majembe yanashuka pamoja. Mpigaji hapigi tu anavyojisikia. Anatazama udongo. Kwenye luseni, ule mchanga mwepesi, jembe linaingia na kutoka, mdundo unakimbia. Kwenye mbuga, udongo mweusi uliolowa, jembe linazama na kung'ang'aniwa, basi mdundo lazima ungoje mtu alichomoe. Mmoja akianza kubaki nyuma, manju hamgombezi, anambadilishia wimbo. Na magoti yale yaliyokunjika, ambayo pale chuoni nadhani mnayaita mtindo, yamekunjwa kwa sababu mgongo usingefika jioni.

Sasa ipeleke jukwaani. Jembe linarushwa, linazungushwa, linabebwa shingoni, kila kitu kinatazama mbele waliko watazamaji, na kazi ya asubuhi nzima imebanwa ikawa dakika chache. Silidharau jukwaa. Baada ya Mwalimu Nyerere kuanzisha wizara ya utamaduni mwaka 1962 na kusikitika hadharani kwamba tulifundishwa rumba na chachacha huku ngoma zetu hatuzijui, ngoma zilipandishwa majukwaani makusudi, nchi nzima ipate kuonana. Mbeya na Mtwara wanaijua bugobogobo kwa sababu hiyo, na kwamba Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, leo tunakiita TaSUBa, ni baraka kwetu. Lakini ngoma ya jukwaani ni tungo nyingine. Ukiandika kuhusu hiyo peke yake ukaipa jina la bugobogobo ya Wasukuma, utakuwa umetuandikia nusu.

Umeniambia mmeanza kusoma maandishi ya Rudolf Laban, yule mtaalamu wa dansi, yale ya mwaka 1928 yanayoonyesha kiungo gani kimekwenda upande gani, juu au chini, kwa muda gani. Vizuri, yashike. Ila umwombe mwalimu wako akufundishe pia kazi aliyoifanya Laban baadaye, wakati wa Vita vya Pili, alipoingia viwandani Uingereza kutazama wafanyakazi wanavyosogeza miili yao. Huko ndiko alikoendeleza kupima mwendo kwa uzito, muda, nafasi na mtiririko. Mtu wa dansi alikwenda kusoma kazi! Wewe una haki ile ile ya kwenda shambani, na swali lako liko palepale kwenye uzito: mwili unabadilikaje jembe likikutana na ardhi, na unabadilikaje likikutana na hewa?

Mashindano nayo uyaone, ila kwa swali lingine. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyo mahasimu, wanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila upande na kundi lake, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu. Hakuna karatasi ya alama. Watazamaji wanakuacha kwa miguu yao huku bado unacheza, kisha ufanye nini? Hapo ndipo vinapotokea vituko na ufundi wote, hata chatu anatolewa. Bulabo, ile sikukuu ya ngoma ya Juni, imeshapita, lakini makumbusho ya Bujora aliyoyaanzisha Padre David Clement, yule Mkanada, yapo hapa jirani, na lipo banda zima la vyama vya ngoma. Siku moja inatosha kwa kuanzia.

Kwa hiyo naomba hivi: zungumza na msimamizi wako upewe nafasi mwezi wa Desemba, hata kama ni yale majuma ya Krismasi tu. Utalala kwetu. Lete viatu vya matope na nguo usizozionea huruma, kwa maana utalima kabla ya kuwasha kamera. Ukishika jembe wewe mwenyewe ndipo utajua cha kurekodi. Mimi nitakupeleka kwa manju mapema, tuombe ruhusa, maana nyimbo zile zina wenyewe, na jina la mtunzi liingie kwenye andiko lako kama yanavyoingia majina ya wenye vitabu. Video zikikamilika, nakala ibaki kwa kikundi. Kifuta jasho tutapanga pamoja, usiahidi kitu kwenye simu.

Mama anakusalimu, anauliza kama dagaa wa mwisho walifika bila kuvunjika. Nijibu kabla hujajaza fomu ya mada, nianze kuulizia ni shamba la nani litalimwa kwanza.

Wako,
Rafiki yako wa Kisesa