Kaka, Kazi Ninayo

Kaka, shikamoo.

Najua ungependa nikuandikie faraghani. Nilikuandikia, nikaona umesoma, ukanyamaza. Basi nakuandikia hapa wanapopita mashangazi wote, pengine utajibu angalau kwa kunikemea.

Kituo chetu cha metro hapa Budapest kimebadilishwa jina. Pale Árpád híd, tulipokuwa tukishuka kwenda bwenini, siku hizi panaitwa Göncz Árpád városközpont. Kila jioni spika ya metro inamtaja Árpád Göncz, yule mzee aliyekuwa rais wa Hungaria, nami nakukumbuka wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyenijulisha habari zake. Ulinisomea maisha yake usiku kucha hadi jirani akagonga ukuta. "Rais mtafsiri!" ulikuwa ukirudia, ukafurahi kama mtu aliyegundua kumbe ana shamba la urithi.

Ndiyo maana sijaelewa mpaka leo ulichonifanyia arusini.

Pilau ilikuwa imekwisha kupita, wakwe wako safu ya mbele. Mzee mmoja wa upande wa bwana arusi akauliza, huyu kijana wa Ulaya anashughulika na nini? Kabla sijafungua mdomo ukamjibu wewe: "Huyu bado. Anatafsiri-tafsiri tu huko, tunamwombea apate kazi." Watu wakaitikia amina. Amina, Kaka! Wakati wa kuagana yule mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniachia noti ya elfu kumi iliyokunjwa ikawa ndogo kama hirizi. "Ya nauli, mwanangu." Nikaipokea, ningefanyaje mbele za watu? Wewe ulikuwa umesimama pembeni na suti yako ya ubalozini, unatabasamu.

Hebu nikukumbushe ulichonisomea kwa mdomo wako.

Vifaru vya Kisovieti vilipoingia Budapest tarehe 4 Novemba 1956 kuyazima mapinduzi ya Wahungaria, Göncz hakuwa balozi wala waziri. Alikuwa na shahada ya sheria, lakini chama chake cha wakulima wadogo kilipokwisha kusambaratishwa na wakomunisti, alikula kwa kuchomelea vyuma na kuunga mabomba. Mtu huyo huyo ndiye aliyeupeleka kwa wanadiplomasia wa India mpango alioutunga István Bibó, waziri katika serikali ya mapinduzi, wa kuinusuru nchi, kwa matumaini kwamba Delhi itasikilizwa Moscow. Kisha akasaidia kuutorosha nje muswada wa kitabu alioandika Imre Nagy, waziri mkuu wa mapinduzi yale, kwa msaada wa László Regéczy-Nagy, dereva wa ubalozi wa Uingereza. Nyinyi wenye pasipoti za kidiplomasia mngeliuliza kwanza posho ya safari.

Walimkamata 1957. Juni 1958 Nagy akanyongwa. Tarehe 2 Agosti mwaka huo Göncz na Bibó wakahukumiwa kifungo cha maisha, bila rufaa. Nyumbani kabaki mkewe, Zsuzsanna, na watoto wanne.

Sehemu ya gereza la Vác, alikofungwa, uliisoma mara mbili, unakumbuka? Mle ndani kulikuwa na ofisi ya tafsiri. Wafungwa wasomi walikuwa wakiwatafsiria wakubwa vitabu ambavyo raia wa nje hakuruhusiwa kuvigusa. Fikiria: dola imekufungia milele, halafu inakuletea karatasi na kamusi kwa sababu inataka kujua maadui zake wanasema nini. Kiingereza cha Göncz kilikomaa humo, akiwa na miaka 36 na zaidi, hana hakika kama atakuja kukisema na mtu aliye huru. Hakuna aliyemwombea apate kazi. Kazi alikuwa nayo.

Akatoka kwa msamaha wa 1963. Akaanza na tafsiri za kitaalamu, kisha riwaya: Faulkner, Golding, Updike. Ile ya Tolkien, The Lord of the Rings, aliipokea kiporo. Ádám Réz alikuwa ametafsiri sura za mwanzo tu akafariki, Göncz akaimaliza, Dezső Tandori akashika mashairi, ikatoka 1981. Mhungaria aliyekua na kitabu kile alimjua mzee kwa jina la ukurasa wa ndani, herufi ndogo, miaka tisa kabla hajawa rais.

Usiniambie namfanya malaika. Akiwa rais, alipokataa kutia saini kuwafukuza wakuu wa redio na televisheni kama alivyotaka waziri mkuu Antall, wapo wanaosema mpaka leo alivuka mipaka ya cheo chake. Mimi naona alifanya vyema, wewe ulikuwa huna hakika, na kwa kazi uliyonayo sasa nadhani ungetia saini. Tarehe 23 Oktoba 1992 walimzomea pale Kossuth tér, mbele ya Bunge, kwenye kumbukumbu ya mapinduzi yaliyomfunga yeye mwenyewe. Hakuweza kuhutubia. Basi angalau yeye walimzomea kwa miluzi. Mimi nilizomewa kwa amina.

Alipofariki, 6 Oktoba 2015, akazikwa Óbuda bila gwaride wala mbwembwe za serikali, kama alivyotaka mwenyewe. Siku ya mazishi uliniambia hivi ndivyo mtu anavyotakiwa kuondoka. Sasa picha yako ya WhatsApp ina bendera mbili nyuma.

Ushauri wangu, na najua mdogo hamshauri mkubwa: tenga nusu saa usiku, rudia zile hadithi tulizokuwa tukiandika pamoja. Sikio lako halijapata wa kulizidi. Nimejaribu kusoma rasimu kwa sauti na watu wengine, wanaitikia tu, hakuna anayenikatiza. Cheo hakizuii. Binti yake Göncz, Kinga, alikuwa waziri wa mambo ya nje kuanzia 2006 hadi 2009, na baba mtu alikaa ikulu miaka kumi, hakuna aliyesema kuandika ni kukosa kazi. Na kwa kuwa umenilazimisha kusema: hela ya matibabu ya macho ya mama ilitoka wapi? Ilitoka kwenye maelekezo ya mashine za kusaga, kurasa kwa kurasa, Kihungaria kwenda Kiswahili. Wewe ulileta picha ukiwa naye kliniki. Nzuri, mashangazi waliipenda.

Nisamehe, hilo nilikuwa nimeapa sitaliandika. Liache libaki.

Daftari la buluu, lile la hadithi zetu, lipo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, usiniambie limepotea. Mpe binamu anayekuja mwezi wa tatu. Nakusudia hadithi zile zitoke kitabu, ukishiriki usishiriki, na majina yetu yatafuata alfabeti, kwa hiyo lako litatangulia kama ulivyozoea.

Mdogo wako,
Budapest