Ataishi au ataisha?

Magomeni, Jumatano usiku

Shoga yangu Tatu,

Hujambo na wanao? Miguu imepungua kuvimba? Sisi wazima, ila joto na mgawo wa maji. Usininunie kwa kimya cha tangu msibani. Leo nina shida.

Jana nilikwenda kuchukua jiwe la kaburi la Bibi. Fundi kalifunika gunia, kalifunua kwa mbwembwe kama anamtoa bi harusi. Marumaru safi, maua pembeni, na katikati kwa rangi ya dhahabu: ATAISHA MILELE MIOYONI MWETU.

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye vumbi la mawe, halafu nikalia. Herufi moja, Tatu! Fundi anaapa ndivyo ilivyokuwa kwenye karatasi, na karatasi aliandika Kaka Hamisi. Mwandiko wake unaujua.

Atachonga upya upande wa pili kwa nusu bei. Basi ukoo ukapata nafasi ya kubadili maneno. Mjomba Idi anasema kila nafsi itaonja mauti, milele si ya kiumbe. Mama Rose kakamata Yohana 3:16, "uzima wa milele", Bibi alibatizwa, mjadala umefungwa. Nikasema basi tuandike "adumu". Watoto wakauliza, dumu la lita ngapi? Mzee Kombo naye kusikia tu, ngumi juu: "Kidumu!"

Sijalala. Kuishi tulilichukua kwa Waarabu, ukoo mmoja na maisha na aushi (Cairo hata mkate wanauita "aish"). Kuisha ni letu la Kibantu. Yametoka mbali hivyo yakaja kukaa chumba kimoja, irabu tu katikati. Na neno moja la kuishi bila kufa silipati, lazima uunganishe: ishi milele, ishi daima. Mtu akifungwa maisha tunaelewa hatoki mpaka afe, yaani milele yetu inaishia hapo hapo. Bibi mwenyewe unamkumbuka kwa wadeni wake: "Milele ya Mungu, wewe nilipe Ijumaa."

Mimi moyo uko kwenye "aushi". Fupi, na fundi hana pa kukosea. Ingawa kwa Kaka Hamisi...

Wewe ndiye mtunga mashairi. Aushi linabeba milele, au ni maisha tu yaliyovaa kanzu? Watu wa Magomeni watalielewa? Nimpelekee fundi lini, maana arobaini ni Jumamosi ya wiki ijayo? Utakuja? Zile mia mbili za mchango alizosema Rehema, ziko kwako au kwake?

Na hili ndilo linaniumiza kichwa. Jiwe linalazwa, kwa hiyo ule upande wenye kosa utamwangalia Bibi. Alijifunza kusoma ngumbaru, mwaka 1970, na tangu hapo hakuacha kutusahihisha. Unadhani atacheka, au atamwita Hamisi?

Wako,
Mwajuma